Namba ya kwenye dumu si ahadi kwa gari lako

Yafuatayo ni mazungumzo ya wiki hii kama yalivyosomwa redioni.

Ndugu msikilizaji, upo ubishi ambao nimeukuta karibu kila gereji niliyopita mwaka huu, kuanzia Kayanga na Omurushaka wilayani Karagwe hadi Nkwenda na Kaisho wilayani Kyerwa. Si ubishi wa mpira wala wa siasa. Ni ubishi wa oili. Mwenye gari amenunua dumu la oili ya sintetiki, amelipa fedha nyingi kuliko alivyozoea, na sasa anauliza swali moja tu: nitaimwaga baada ya kilomita ngapi?

Fundi humjibu kuwa ni elfu tatu, kama siku zote. Mwenye duka humjibu kuwa ni elfu kumi, na kumwonyesha maandishi ya kwenye dumu. Dereva, ambaye ndiye anayeshinda na gari kutwa, husema elfu tano, kwa kuwa elfu tano iko katikati na haimuudhi mtu. Swali ni moja, majibu ni matatu, na kila mmoja anaapa kuwa wenzake wanapotosha.

Pengine utasema, je, redio haina jambo zito zaidi la kuzungumza? Nami nitakujibu kwamba hili ni zito. Katika wilaya hizi mbili, ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja ya Karagwe, gari dogo la abiria si anasa. Ni shamba lenye magurudumu. Limenunuliwa kwa fedha za kahawa za misimu kadhaa, au kwa mkopo, au kwa kiinua mgongo cha mtu aliyetumikia serikali miaka thelathini. Injini ikinoki, ada ya shule imenoki, na marejesho ya mkopo yamenoki. Kwa hiyo hebu tuwasikilize hawa watatu mmoja baada ya mwingine, kwa haki.

Tuanze na fundi. Wako wanaodai kwamba mafundi hutaja elfu tatu ili wapate kazi ya kumwaga oili mara kwa mara. Mimi sikubaliani na shutuma hiyo. Elfu tatu ina historia yake. Kwa miaka mingi oili iliyojaa madukani mwetu ilikuwa ile ya kawaida, itokanayo na mafuta ghafi, hasa ile tuliyoiita namba arobaini. Dizeli nayo ilikuwa na salfa nyingi. Salfa ikiungua ndani ya injini huzaa asidi, na oili ndiyo inayobeba mzigo wa kuizimua asidi hiyo hadi nguvu zake zinaisha. Ni tangu Januari 2015 ndipo nchi za Afrika Mashariki zilipoingia katika utaratibu wa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Fundi mwenye umri wangu amefungua injini nyingi akakuta tope jeusi kama lami. Hakusoma jambo hilo kitabuni, aliliona kwa macho yake. Hata Wamarekani kwa miaka mingi waliishi na elfu tatu yao, ingawa yao ilikuwa ya maili, yaani karibu kilomita 4,800.

Lakini uzoefu wa fundi ni uzoefu wa oili ya jana. Mtu mwenye gari zuri la petroli, anayesafiri zaidi kwenye lami kati ya Kayanga na Bukoba, akimwaga sintetiki halisi kila kilomita 3,000, anamwaga fedha zake chini. Oili hiyo bado ilikuwa na kazi ndani yake.

Tuje kwa mwenye duka. Sintetiki ni nini hasa? Oili ya kawaida husafishwa kutoka mafuta ghafi, na chembe zake hazilingani, kubwa kwa ndogo, mfano wa gunia la maharage ambayo hayajachambuliwa. Oili ya sintetiki ni ile ambayo chembe zake zimeundwa, au zimepangwa upya kiwandani kwa njia za kemia, hata zikalingana. Kwa sababu hiyo haiwi nzito mno asubuhi ya baridi, haiwi nyepesi mno injini ikichemka, na haigeuki tope upesi. Si kitu kipya. Mobil 1 iliingia sokoni mwaka 1974. Sifa za oili hii ni za kweli, na mwenye duka hasemi uongo anapoisifu.

Ila neno lenyewe lina mlango mpana. Mwishoni mwa miaka ya tisini huko Marekani, kampuni ya Mobil ililalamika kwamba Castrol inaita sintetiki oili ambayo asili yake ni mafuta ghafi, ingawa yamesafishwa kwa kiwango cha juu sana. Chombo kinachochunguza matangazo ya biashara nchini humo kiliamua mwaka 1999 kuwa Castrol inaweza kuendelea kulitumia neno hilo. Tangu wakati huo madumu mawili yenye neno lile lile yanaweza kuwa na oili za asili tofauti. Iko pia ile ya nusu kwa nusu, iitwayo semi sintetiki, ambayo muuzaji mwenye haraka hukupa kama sintetiki kamili. Kwa hiyo usiishie kusoma maandishi makubwa ya mbele. Geuza dumu, utafute herufi za kipimo cha API. Zinazoanza na S, mfano SN au SP, ni za injini za petroli. Zinazoanza na C, mfano CI-4 au CK-4, ni za dizeli. Kisha utafute namba ya uzito, kama 5W-30 au 15W-40, uone kama ndiyo inayotakiwa na injini yako.

Na ile elfu kumi? Hiyo ni namba ya gari lenye afya njema, kwenye barabara njema, likiwa na mzigo wa kadiri. Mara nyingi dumu lenyewe huongeza kwa maandishi madogo kwamba ufuate kitabu cha mtengenezaji wa gari. Nilipokuwa chuoni nikisomea stashahada ya uandishi wa habari, tulifundishwa kwamba habari haijakamilika hadi umeuliza nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi. Katika suala la oili sote tunauliza lini, na tunasahau wapi na vipi.

Basi tukifungue hicho kitabu. Noah, Probox, IST na Wish nyingi zinazopita barabara zetu zimetumika kwanza Japani. Kitabu, kama hakijapotea, kimo kwenye kidroo mbele ya abiria, na kimeandikwa Kijapani. Hakisomwi na mtu. Nitakueleza kilichomo. Kwa magari yake ya petroli yasiyo na tabo yanayouzwa nchini Japani, Toyota inaelekeza oili ibadilishwe kila kilomita 15,000 au kila mwaka mmoja, lolote litakalotangulia. Naam, elfu kumi na tano! Mwenye duka akisikia hapo atapiga makofi.

Lakini pembeni ya namba hiyo kuna safu ya pili. Safu hiyo ni ya magari yanayofanya kazi katika mazingira magumu, nayo inasema kilomita 7,500 au miezi sita. Ni nani wanaoingia katika safu ya pili? Kwanza, gari ambalo asilimia 30 au zaidi ya safari zake ni kwenye barabara mbovu, ya changarawe au isiyo na lami. Pili, gari ambalo asilimia 30 au zaidi ya safari zake ni milimani, kupanda na kushuka. Tatu, gari linalokwenda kilomita 20,000 au zaidi kwa mwaka. Nne, gari linalorudia safari fupi fupi za kilomita nane hivi. Inatosha gari kuingia katika kundi moja tu kati ya hayo.

Sasa, msikilizaji wa Kyerwa, jipime. Umetoka Omurushaka unaelekea Nkwenda, Isingiro, Kaisho hadi Murongo mpakani na Uganda. Milima ipo. Vumbi lipo, hata kama lami imekuwa ikisogea kidogo kidogo. Na wewe wa Karagwe unayesema kwamba upande wako kuna lami, twende kwenye hesabu. Barabara ya lami kutoka Kyaka hadi Bugene ina kilomita 59. Mchomoko unaokwenda na kurudi mara mbili kwa siku unatembea kilomita 236. Kwa siku 21 umetimiza karibu kilomita 5,000. Kwa siku 85 umevuka 20,000, zile ambazo Mjapani anaziita nyingi kwa mwaka mzima. Umezimaliza kabla ya miezi mitatu.

Toyota ya Marekani nayo ina maelekezo ya namna hiyo hiyo. Kwa injini zake nyingi za petroli zinazotumia sintetiki ya 0W-20, inaruhusu maili 10,000, yaani kilomita 16,000 hivi, au miezi 12. Lakini kwa anayepita barabara za vumbi, au anayebeba mzigo mzito, au mwenye gari la teksi, inasema maili 5,000, yaani kilomita 8,000 hivi, au miezi sita. Wajapani na Wamarekani, kila mmoja kwa njia yake, wamekutana kwenye neno moja, nalo ni nusu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Namba kubwa unayoisoma si yako. Yako ni ile ya safu ya pili. Na hata hiyo ya safu ya pili iliandikwa kwa gari jipya lililobeba watu kadiri ya viti vyake. Sisi tunazungumza juu ya gari lenye umri wa miaka kumi na tano au ishirini, limebeba watu wanane penye nafasi ya watano, na juu yake mna ndizi na magunia ya maharage. Kwa gari kama hilo elfu tano si namba ya woga. Dereva wetu aliyesema elfu tano ili asimuudhi mtu, alipatia kwa bahati.

Kwa nini vumbi na milima vipunguze umri wa oili? Sababu ziko mbili kubwa. Ya kwanza ni saa. Injini haijui kilomita, inajua saa ilizofanya kazi. Wenye matrekta na jenereta wanalielewa hili, maana wao huhesabu sevisi kwa saa. Gari likienda kwa wastani wa kilomita 80 kwa saa, kilomita 5,000 ni kazi ya saa 62 na nusu. Likijikongoja kwenye mashimo kwa wastani wa kilomita 25 kwa saa, kilomita zile zile 5,000 ni kazi ya saa 200. Kwa saa hizo 200, mwenzako wa lami angekuwa amekwenda kilomita 16,000. Dashibodi zenu zinaonyesha namba moja, lakini injini zenu hazikufanya kazi sawa.

Sababu ya pili ni vumbi lenyewe. Hili vumbi letu jekundu lina chembe ngumu za mchanga. Chujio la hewa, eya klina kwa lugha ya gereji, likiwa limechanika au halikukaa vizuri, vumbi huingia kwenye silinda, likashuka na kuchanganyika na oili. Oili iliyowekwa ili kulainisha vyuma inageuka kuwa msasa. Hakuna sintetiki duniani inayoweza kulainisha mchanga. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, ndiyo vumbi linapozidi, na ndiyo miezi ambayo kahawa iko kwenye maturubai na magari yanatakiwa usiku na mchana. Yaani wakati injini inahitaji zaidi kuangaliwa, ndio wakati ambao hakuna mwenye nafasi ya kuiangalia.

Ndugu msikilizaji, niruhusu nikupe mfano mmoja bila kutaja majina. Mwalimu mmoja mstaafu, mama wa makamo, alinunua Noah kwa kiinua mgongo chake. Akamkabidhi kijana mmoja wa jirani aiendeshe kwa hesabu ya kila siku. Mwalimu hakutaka mambo ya ovyo, akanunua sintetiki halisi. Zamani gari hilo lilimwagwa oili kila kilomita 3,000. Safari hii wakakubaliana elfu kumi, kama dumu lilivyosema. Lilipofika kilomita 6,200, likiwa linapanda mlima na abiria ndani, taa nyekundu ya kibirika ikawaka. Kijana akaona kituo hakiko mbali, akakaza mwendo. Injini ikanoki.

Niliwakuta gereji. Fundi alikuwa amefungua nati ya chini, ikatoka oili ya lita moja hivi. Ajabu ni kwamba haikuwa tope. Ilikuwa nyeusi, lakini bado inatiririka vizuri.

"Mwalimu, dumu liliandikwa elfu kumi," kijana alisema. "Mimi bado nilikuwa na elfu tatu na mia nane mkononi."

"Sawa mwanangu, lakini mbona hukufungua boneti?"

"Nifungue ya nini, Mwalimu, na siku ya kumwaga haijafika?"

Mwalimu hakumjibu. Nami nimelitafakari jibu la kijana yule kwa wiki nyingi, kwa sababu ndani yake mna kosa ambalo wengi tunaliishi bila kulijua. Oili ya Mwalimu haikuharibika. Ilikwisha.

Injini kuukuu hula oili. Ringi za pistoni zikilegea, oili hupanda na kuungua pamoja na petroli kidogo kidogo, bila hata kutoa moshi wa kutisha. Vitabu vya Toyota vyenyewe vinakubali kwamba injini inaweza kutumia hadi lita moja kwa kila kilomita 1,000. Injini ya Noah ya lita mbili hubeba oili lita nne na ushee. Ya Probox ya lita moja na nusu hubeba chini ya lita nne. Sasa piga hesabu. Gari likila nusu lita tu kwa kila kilomita 1,000, ukifika 6,200 limekula lita tatu. Kilichobaki hakitoshi kuzunguka, hasa mlimani, ambako oili kidogo iliyobaki hukimbilia upande mmoja wa sampu na pampu ikafyonza hewa.

Tena angalia jambo hili. Walipokuwa wakimwaga kila kilomita 3,000, gari lilikuwa likila oili vile vile. Lakini lilikula lita moja na nusu tu, likajazwa upya kabla ya hatari. Desturi ya zamani ilikuwa inaificha njaa ya injini. Sintetiki haikuua gari la Mwalimu. Kilichoua ni kuziongeza kilomita na wakati huo huo kuacha kupima. Anayetaka kwenda mbali na oili moja hana budi kuwa mpimaji hodari kuliko anayemwaga mapema.

Kupima hakuhitaji fundi. Weka gari mahali tambarare, uzime injini, usubiri dakika chache oili ishuke. Chomoa kijiti, ukifute, ukirudishe, ukichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Fanya hivyo kila asubuhi kabla ya abiria wa kwanza. Rangi nyeusi isikutishe, hasa kwenye dizeli, kwani ni dalili kwamba oili inabeba masizi kama ilivyoagizwa. Bali ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ukisikia harufu kali ya petroli, petroli inavuja kwenye oili. Hapo usihesabu kilomita, nenda kwa fundi. Na ile taa ya kibirika haikwambii kwamba oili imepungua. Inakwambia kwamba msukumo wa oili umeshuka na vyuma vinasagana sasa hivi. Zima gari palepale, hata kama kituo unakiona kwa macho.

Hapa kuna suala la watu, si la vyuma. Dereva wa hesabu anaogopa kumwambia tajiri kwamba gari linahitaji lita moja ya kuongezea. Anajua atakachoulizwa: ile niliyonunua mwezi uliopita umeiuza? Basi hunyamaza. Akiinunua kwa fedha yake, anaona anamtajirisha mwenye gari. Akiikata kwenye hesabu, anaitwa mwizi. Nawaomba wenye magari, lita ya kuongezea iwe mali ya gari, ikae ndani ya gari, na isikatwe kwa dereva. Wekeni daftari dogo: tarehe, kilomita, kiasi kilichoongezwa. Baada ya mwezi mmoja daftari litakwambia kama injini inakula oili au kama kuna mkono wa mtu. Daftari halina chuki na mtu. Na kama mita ya kilomita imekufa, kama ilivyo kwa michomoko mingi, hesabuni safari. Nimekwisha kuwaonyesha kwamba Kyaka na Bugene mara mbili kwa siku ni wiki tatu kufika 5,000.

Nisisahau oili bandia. Dumu zuri lililotumika lina thamani kwa mtu mbaya, kwani hulijaza oili isiyojulikana, akaliziba na kuliuza. Nunua duka lenye anwani, dai risiti, angalia alama ya ubora ya TBS na mhuri wa kizibo. Dumu lako tupu litoboe au ulikate kabla ya kulitupa. Ukiuziwa bandia, Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango ndizo mamlaka za kupeleka malalamiko. Kama huna uhakika na oili uliyonayo, usiipe kilomita za sintetiki hata kidogo. Ihesabu kama oili ya kawaida.

Sasa nitoe rai yangu, nawe uipime pamoja na kitabu cha gari lako na fundi unayemwamini. Gari la petroli lisilo na tabo, lenye injini nzima, linalotembea zaidi kwenye lami, likiwa na sintetiki halisi, limwagwe kati ya kilomita 7,000 na 8,000, au miezi sita. Mchomoko wa abiria, na gari lolote la petroli la njia za vumbi na milima, limwagwe kwa 5,000. Lenye tabo lisifike huko, kwani kitabu cha Japani kinalipa 5,000 katika hali njema na 2,500 katika hali ngumu. Dizeli, iwe Hiace au Fuso, ifuate kitabu chake, safu ya mazingira magumu. Chujio la oili libadilishwe kila unapomwaga, maana kumwaga oili na kuacha chujio chafu ni kuoga na kuvaa shati la jana. Na wewe mtumishi ambaye gari lako linakwenda ofisini kilomita tatu na kurudi, usijivunie kwamba mita haijasogea. Katika baridi ya asubuhi ya Karagwe injini yako haipati moto wa kutosha kukausha unyevu ndani yake. Kwako kinachohesabiwa ni miezi sita.

Oili chafu nayo isimwagwe mtaroni. Najua wengi huipaka kwenye nguzo za nyumba kuzuia mchwa, na wapasua mbao huitafuta. Lakini inayomwagwa ovyo gereji huchukuliwa na mvua hadi mabondeni, mabonde yanaingia mto Kagera, na Kagera inaingia ziwa Viktoria. Kila gereji iwe na pipa lake la kuikusanyia.

Kuhusu Mwalimu, gari lake limefungwa injini ya mtumba, kwa fedha za kukopa. Kijana yule bado ndiye dereva wake, na daftari lipo ndani ya gari. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha gari lako, fungua boneti uchomoe kijiti.

Kwa leo tuishie hapo, ndugu msikilizaji. Hadi wiki ijayo, nakutakia safari njema.